Jina la Mtoto wa Sikukuona

Sikukuona alikufa siku ya soko. Aliumwa na nyoka kwenye mihogo, na Anneth aliporudi na dagaa zake na mche wa sabuni, alikuta mama mkwe wake keshachimba shimo, keshazika, yuko pembeni ya pipa anasuuza jembe kama mtu aliyetoka kupanda maharage.

"Pole, mama," alisema Anneth.

"Pole ya nini? Ni mbwa." Mama Eufrazia aligeuza jembe akasuuza upande wa pili, ambao haukuwa na udongo. "Sasa nitaongea na nini?"

Kama hujawahi kukaa Runazi, hilo swali litakushangaza, na jina la mbwa litakushangaza zaidi. Ngoja nikueleze. Huku kwetu mtu hamwiti mbwa jina la kupendeza. Ukiwa na neno na jirani yako, na hutaki kwenda kulisema uso kwa uso, unatafuta mbwa. Lile neno ndilo linakuwa jina lake. Halafu kila jioni unasimama uani, unavuta pumzi, unamwita mbwa wako aje kula. Nani atakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji? Umemwita mbwa tu! Wazee walikuwa wanayatoa majina hayo kwa Kisubi, lugha yetu ya hapa. Siku hizi Wasukuma wamejaa, Wahangaza wapo, Warundi wapo, kwa hiyo watu wanatumia Kiswahili ili ujumbe usipotee njiani.

Ujumbe wa Mama Eufrazia ulikuwa wa nyumba moja tu, ya Mama Magdalena, ng'ambo ya ua wa minyaa. Hawa wawili waliolewa kwenye miji hiyo ya jirani wakiwa wasichana, wakatwanga kwenye kinu kimoja, wakabebeana watoto. Kwenye ule ua wa minyaa kulikuwa na upenyo, na wao ndio walioukanyaga mpaka ukawa njia. Kisha Mzee Methusela, mume wa Eufrazia, akafa. Kijiji kizima kikaja kulala msibani. Magdalena hakuja. Si siku ya maziko, si usiku hata mmoja. Alituma beseni la maharage kwa mkono wa mtu, basi.

Matanga yalipokwisha, Mama Eufrazia hakwenda kuuliza wala hakugomba. Alikata matawi ya minyaa, akaupanda ule upenyo mpaka ukaziba. Kisha akachukua mbwa jike kwa Wasukuma, akamwita Sikukuona.

Haikuchukua muda, Mama Magdalena naye akapata mbwa. Dume, rangi ya udongo, soksi nyeupe miguu ya mbele, sikio moja limelala. Jioni ya kwanza alisimama uani kwake na sufuria, akaita mpaka watu wa barabarani wakasimama:

"Hukuuliza! Hukuuliza, njoo ule!"

Toka hapo wale wanawake hawajasemeshana tena. Yaani wanasemeshana kila siku, ila kwa miguu minne.

Anneth aliyakuta hayo wakati anaolewa na Elick, mtoto wa mwisho wa Mama Eufrazia, na mwanzoni yalimchekesha sana. Alikuwa anamrekodi mama mkwe kwenye simu akiita mbwa, anawatumia dada zake Ngara, wanacheka wote. Aliacha kucheka mwezi wa saba.

Siku hiyo alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Mama Eufrazia akateleza kwenye shimo la udongo wa matofali nyuma ya nyumba, mguu ukajikunja, akashindwa kutoka. Kutoka pale shimoni mpaka kwa Magdalena ni pua na mdomo. Akaita. Sasa aliita nini? Hakuita "Magdalena." Hakuita "jamani nakufa." Aliita mbwa!

"Sikukuona! Sikukuona! Sikukuonaaa!"

Ng'ambo ya ua Mama Magdalena alikuwa anapukuchua mahindi. Akasikia, akasema moyoni, leo kaanza mapema. Akajibu kama kawaida yake, "Hukuuliza!" akaendelea na mahindi. Akaitwa tena, akajibu tena. Walijibizana hivyo mpaka jua likapinda. Anneth alirudi na unga kichwani, akamkuta mama mkwe ameketi kwenye tope, mguu umevimba kama mhogo, na Sikukuona amelala ukingoni anamtazama.

"Mama! Si ungemwita jirani?"

"Nimwite kwa jina gani?"

Hapo ndipo Anneth alipoona ukubwa wa jambo. Maana Elick yuko Benaco, anaziba pancha za malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Rusumo. Ameshapata chumba, kina dirisha na umeme, na kila siku anapiga simu: unakuja lini? Anneth alitaka kwenda. Ameolewa ili akae na mume, si ili amwone kwenye kioo cha simu akiwa na grisi puani. Lakini Mama Eufrazia kuhama amekataa. "Kaburi la baba yenu nimwachie nani apalilie?" anasema, na neno lake huwa ni hilo moja. Basi Anneth akiondoka, mama atabaki mwenyewe na mguu wake mbovu, na mtu pekee anayeweza kumsikia akiita atadhani anatukanwa.

Anneth aliomba kitu kimoja tu: hawa wawili wasemeshane kabla hajapanda gari.

Na sasa mbwa amekufa, na ameacha mtoto.

Watoto walikuwa wengi, wengine watu wameshachukua. Alibaki mmoja, dume, tumbo kubwa, anatembea kama gunia linaloviringishwa. Rangi ya udongo. Soksi nyeupe miguu ya mbele. Sikio moja limelala. Kila mtu aliyeingia pale uani alimwona, kisha akatazama ua wa minyaa. Hakuna aliyethubutu kusema mbele ya Mama Eufrazia kwamba mbwa wale wawili hawakuwa na ugomvi wowote.

Jioni hiyohiyo Elick alipiga simu.

"Mwiteni Simba," alisema.

"Simba?" Mama Eufrazia aliinamia simu ya Anneth kama anachungulia kisima. "Simba anamwambia nini mtu?"

"Hamwambii mtu kitu, mama, ni jina. Au mwite Popi. Mbwa wa watu wote ni Popi."

"Popi ni mbwa wa mtu asiye na la kusema. Mimi ninalo."

"Mama, hilo unalo toka baba afe."

"Na wewe rudi kwenye matairi yako. Anneth, kata hii simu, inakula chaji."

Mama Eufrazia hakulichukulia jina kama mchezo. Alisema hili ndilo la mwisho, yeye mbwa mwingine hafugi, kwa hiyo jina lazima lifunge mdomo wa ng'ambo moja kwa moja. Akawa anayajaribu. Anapepeta maharage, anasita, anasema kwa sauti ndogo, "Umeridhika." Anaonja. Anatikisa kichwa. "Umeridhika, njoo ule. Hapana. Litaonekana swali, na yeye maswali ndiyo anayataka."

"Mungu Kaona?" alijaribu kusaidia Anneth, maana alijua akikataa tu atafukuzwa kwenye mazungumzo.

"Mungu asiingizwe kwenye mbwa."

"Basi Bado Nasubiri?"

"Refu. Mbwa atakuwa ameshafika, amekula, amelala, mimi bado naita."

Siku zikapita. Mvua za kwanza zikagusa, watu wakatoa mbegu. Mtoto wa mbwa akawa anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa, anaota meno, anaiba ndala, na hana jina. Wakitaka kumwita wanagonga sufuria. Bulugu, yule Msukuma wa ng'ombe wengi ambaye ndiye aliyemtoa Sikukuona, alipita na ng'ombe zake akasimama.

"Mama, shikamoo. Huyu mjukuu wangu anaitwaje?"

"Marahaba. Bado."

"Bado?" Bulugu alishtuka. "Anaitwa Bado?"

"Bado hajaitwa, wewe mwanaume. Peleka ng'ombe."

Bulugu aliondoka anacheka, na bila shaka alilisema kila aliposimama. Kwa Eufrazia mtoto wa mbwa hajapata jina. Mpaka leo! Na habari hiyo ilipofika ng'ambo ya minyaa, ikafanya kazi ambayo Anneth hakuitegemea.

Alikuwa kisimani asubuhi, anasubiri ndoo ijae, akasikia mtu nyuma yake anakohoa kile kikohozi cha kutaka kuzungumza. Mama Magdalena. Mwanamke mrefu, mgongo umeanza kuinama, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kila siku hata akienda kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Mama Magdalena alitazama maji. "Nasikia yule mtoto wa mbwa hamjampa jina."

"Bado, mama."

"Mwezi unakwisha."

"Ndiyo, mama."

"Maharage ya zamani yanaiva kwa siku moja. Hili ni jina gani linapikwa mwezi mzima?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka vizuri. "Mwambie mkweo anionee huruma. Sikukuona nimeibeba. Nimeizoea, nikiisikia naipokea kama mvua. Lakini mtu anayetafuta neno mwezi mzima, hilo neno litakuwa na miiba. Usingizi sipati. Kila jioni nakaa mlangoni nangoja niitwe kitu."

Anneth alisahau ndoo, maji yakamwagika miguuni.

"Na mimi nimeagiza mbwa kutoka Nyantakara," aliendelea Mama Magdalena, sasa kwa sauti ya kujikaza. "Wameniahidi jike. Nikishasikia la kwenu nitajua namjibu nini. Lakini nimechoka, mwanangu. Ugali wa mbwa wawili nitautoa wapi?"

Anneth alipanda kilima na ndoo kichwani, anawaza. Kumbe anaogopa! Huku mama anahangaika hajapata neno, kule mwenzake anakufa kidogokidogo kwa neno ambalo halipo. Na mbwa wa tatu anakuja! Akifika huyo atajibiwa, atatafutwa wa nne, na yeye Anneth atazeekea Runazi akiwagongea sufuria. Aliwaza kumwambia mama mkwe, mwenzako amechoka. Akajizuia. Mama Eufrazia akisikia adui amechoka, si ndiyo atatafuta neno la kummaliza?

Alipofika uani, mtoto wa mbwa alimkimbilia na lile sikio lake lililolala. Anneth akatua ndoo, akamtazama. Akamtazama tena.

Alingoja mpaka wakati wa kula, kwa sababu Mama Eufrazia akiwa na tonge mkononi huwa haondoki.

"Mama, nikuulize mila."

"Uliza." Hapo alifurahi. Mama Eufrazia na mila! Mwaka jana mtoto wa jirani mmoja alipopewa jina la babu wa upande wa mama, yeye ndiye aliyekwenda kumkalisha chini baba wa watu, akamwambia unakaaje kimya mtoto wako anapewa jina na wakwe kama vile umekufa?

"Mtoto akizaliwa, jina linatoka wapi?"

"Si unajua? Kwa baba. Ukoo wa baba ndio unaita."

"Hata kama baba na mama hawaelewani?"

"Hata kama wametupiana vyungu. Mtoto ni wa kwao, jina ni la kwao. Upande wa mama ukitoa jina ni wizi."

Anneth alimega tonge, akalichovya polepole. "Na huyu?" Akaonyesha kwa kidevu.

Mtoto wa mbwa alikuwa anatafuna kamba ya mbuzi. Soksi zake nyeupe zilikuwa zimechafuka, lakini sikio lilikuwa palepale.

Mama Eufrazia aliacha kutafuna. Alitazama mbwa. Alitazama minyaa, pale chini ambapo palikuwa na tundu linalopitisha mwili wa mbwa, na manyoya ya rangi ya udongo yamenasa kwenye utomvu uliokauka. Alikuwa analiona tundu lile kila siku.

"Mbwa hana ukoo," alisema.

"Sawa, mama."

"Ni mnyama."

"Ndiyo, mama. Ila mama yake alibeba maneno ya mji mzima miaka yote hii. Kwenye kubeba maneno alikuwa mtu, kwenye kupewa jina mtoto wake amekuwa mnyama?"

"Anneth."

"Abee, mama."

"Nani amekufundisha kunijibu hivyo?"

"Wewe, mama."

Mama Eufrazia aliosha mikono, ingawa ugali ulikuwa haujaisha. Akaingia ndani. Anneth alidhani ameharibu kila kitu. Alikaa pale na sinia, akafungua simu, akamwandikia Elick: nimemkasirisha mama. Kabla hajatuma, mlango ukafunguka. Mama Eufrazia alikuwa amebadilisha gauni, amejifunga kitenge cha kanisani.

"Kuomba jina si kuomba msamaha," alisema.

"Sijasema msamaha, mama."

"Ninakwenda kwa habari ya jina. Nikishapewa narudi. Chukua mtoto, mfute hiyo miguu. Na tunapita barabarani, sipiti tundu la mbwa mimi."

Walizunguka kwa barabara kama wageni, Mama Eufrazia mbele na fimbo yake, mguu ukimsumbua, Anneth nyuma na mtoto wa mbwa kwenye kanga. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka shambani na majembe. Hakuna aliyesalimia zaidi ya salamu moja, lakini Anneth aliwasikia nyuma wakipunguza mwendo.

"Hodi hapa."

Mama Magdalena alitoka jikoni na mwiko. Alipoona ni nani, mwiko ukabaki hewani.

"Karibu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayefungua barua ya mahakama.

Kiti kililetwa. Mama Eufrazia aliketi. Mama Magdalena alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, Anneth naye pembeni yake. Mazao yakaulizwa, mazao ni mazuri. Mvua ikaulizwa, mvua imeanza. Hukuuliza mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba, akanusa kanga ya Anneth, akatikisa mkia wote mpaka kiuno.

"Nimekuja na mtoto wenu," alisema Mama Eufrazia. "Ametokea kwangu, lakini baba yake ni wa hapa. Sijampa jina, kwa sababu si langu la kutoa. Mimi si mwizi wa majina. Mpeni jina lake nirudi naye."

Anneth akafungua kanga. Mtoto wa mbwa akamwangukia baba yake kwenye miguu, na walivyofanana ilikuwa kama mtu amesimama mbele ya kioo kinachopunguza.

Mama Magdalena alitazama. Bega likaanza kumtikisika, Anneth akadhani analia, kumbe ni kicheko kilikuwa kinatafuta njia. "Na wewe," alimwambia Hukuuliza, "unazaa kwa watu na husemi? Mwezi mzima nimekosa usingizi kwa ajili ya mjukuu wangu!"

"Mwezi mzima kwa nini?"

"Nilidhani unanitafutia neno."

"Nilikuwa nakutafutia," alisema Mama Eufrazia. Alikuwa mkweli, hilo hakuna anayeweza kumnyima.

Sufuria ikachemka jikoni, hakuna aliyeinuka. Mama Eufrazia alikuwa anazungusha fimbo mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Alipoongea hakumtazama mtu.

"Ulikuwa wapi, Magdalena?"

Ndiyo hivyo tu. Maneno ambayo hayakupewa mbwa yeyote.

Mama Magdalena aliweka mwiko chini. "Anneth, utasikia na hutasikia."

"Sitasikia, mama."

"Nilikuwa hospitali na Frida. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na watu wa Nyantakara walikuwa wameshatuma mshenga, hawajui. Tuliificha kwa gauni pana. Siku Methusela anakata roho, Frida alishikwa na uchungu. Tukatoka kabla ya mapambazuko ili tusionekane. Akajifungua, mtoto hakulia." Alivuta pindo la kitenge. "Nilisikia msiba wako nikiwa wodini. Ningerudi, ningemwacha na nani? Na ningekuja kulala kwako, ungeniuliza kwa nini macho yako hivi, ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nikatuma maharage. Nikasema, Eufrazia akitulia atakuja kuniuliza mwenyewe, nitamwambia yeye tu. Nikarudi nikakuta umepanda minyaa."

"Ungetuma mtu."

"Aseme nini?"

Mama Eufrazia aliacha kuzungusha fimbo. Frida aliolewa Nyantakara, sasa ana watoto wawili, kila mtu anajua, na yeye Eufrazia harusini hakwenda.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Mlimwita nani?"

"Hatukumwita. Wewe ulikuwa na turubai na kwaya na watu mpaka barabarani. Wangu hakuwa hata na jina la kulilia."

Basi Mama Eufrazia akainuka kwenye kiti. Anneth akadhani wanaondoka, akaanza kukusanya kanga. Lakini mama mkwe wake aliegemeza fimbo ukutani, akashika bega la Anneth, akajishusha taratibu na ule mguu mbovu, mpaka akaketi chini kwenye mkeka karibu na Magdalena, miguu imenyooka mbele, kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Nimechelewa kuja," alisema. "Pole, Magdalena."

"Asante."

"Anneth, nenda nyumbani ufungie kuku, halafu uniletee shuka langu. Mimi leo nalala hapa."

Anneth alikwenda mbio. Aliporudi na shuka na chupa ya chai, aliwakuta palepale kwenye mkeka, wanazungumza chinichini, mmoja anafuta uso kwa pindo la mwenzake. Hakurekodi. Simu aliiacha kwenye mfuko wa sketi, ingawa Elick alikuwa anapiga, anapiga.

Asubuhi alipokuja kumchukua mama mkwe, aliwakuta wale wawili wanakunywa uji na wanagombana. Kugombana kwa mdomo, uso kwa uso!

"Nimekuambia mwite Umeuliza," alikuwa anasema Mama Eufrazia. "Liko wazi. La kwangu, la kwako, na la kumaliza."

"Sitaki. Jina ninatoa mimi au unatoa wewe?"

"Unatoa wewe."

"Basi huyu habebi neno la mtu. Mama yake kabeba, baba yake anabeba mpaka sikio limelala. Huyu alinde kuku tu. Anaitwa Popi."

Mama Eufrazia alibaki na bakuli mdomoni. "Popi!"

"Popi."

"Watu watasema sina la kusema."

"Unalo?"

Alifikiria kweli, akatazama ndani ya bakuli la uji. "Kwa sasa sina," alisema.

Siku hiyohiyo alichukua panga, akajifunga kitambaa usoni maana utomvu wa minyaa ukiingia jichoni utalia wiki, akaanza kukata pale alipopanda mwenyewe. Mama Magdalena alikuwa anakata kutoka upande wake. Anneth alisafisha matawi. Mbwa wa Nyantakara akaagiziwa abaki hukohuko.

Kijiji hakikuamini. Bulugu alisimamisha ng'ombe zake zote barabarani ili aulize vizuri.

"Popi maana yake nini, mama?"

"Ni mbwa."

"Najua ni mbwa. Lakini linasema nini? Anasemwa nani?"

"Hasemwi mtu."

Bulugu alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Niambie tu. Sitamwambia mtu." Mpaka leo kuna watu Runazi wanaoapa kwamba Popi ni tusi zito la Kihangaza, na kwamba siku likifasiriwa damu itamwagika.

Anneth alipanda gari la Benaco Jumamosi, na godoro, sufuria mbili na gunia la maharage ya wakwe. Chumba kina dirisha kweli, ila Elick hakusema kwamba dirisha linatazama malori, na malori yanaunguruma mchana kutwa. Jioni ya kwanza alipiga simu nyumbani, kwenye simu ndogo ya vitufe aliyomwachia mama. Ikaita, ikaita. Kisha ikapokelewa.

"Mama! Uko salama? Mguu?"

"Mguu upo. Nilikuwa sioni kitufe."

Nyuma ya sauti yake Anneth alisikia sufuria inagongwa, kisha ile sauti anayoijua, ya ng'ambo, imevutwa kwa pumzi yote:

"Hukuuliza! Hukuuliza, njoo ule!"

Simu ikawekwa chini kwenye kitu kigumu. Mama Eufrazia akapaza sauti mpaka Elick, aliyekuwa ananawa nje ya mlango Benaco, akageuka:

"Nimeshauliza, we mwanamke! Wapishe watu wanaongea na simu!"

Kikafuata kicheko, cha watu wawili, kimoja karibu na kimoja mbali kidogo, na kambwa kanabweka katikati kasijue kaende upande gani.